Batri ya pili ndani ya jeep: namna ya kuichaji wakati gari inatembea

Wandugu, mwenye anafanya kazi ya tereni anajua hii: jeep inafika kijijini jioni, umeme hakuna, na ndani ya frigo ndogo muko chanjo ya kuku ya Newcastle yenye inapaswa kubaki kati ya digri 2 na 8. Tena kuna laptop na simu za kuchaji. Umeme utatoka wapi mpaka asubuhi?

Wengi wanajibu: ku batri ya gari. Hapo njo shida inaanzia. Batri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache tu, kisha altaneta inairudishia. Ukiinyonya polepole usiku mzima, tena mara nyingi, inakufa mapema. Asubuhi motere haiwaki. Ku barabara ya Kasenga, mwezi wa pili, kusukuma jeep ndani ya matope si mchezo.

Njo maana tunaweka batri ya pili, ya frigo, taa na laptop. Huko Ulaya wanafanya vilevile kwenye magari ya kulala ndani. Iwe ile yenye kuvumilia kushuka sana, si ya kuwashia. Inajazwa na altaneta ileile, wakati gari inatembea. Kuna njia tatu.

Ya kwanza: kuunga batri mbili na waya, basi. Motere ikizimika, frigo inakula zote mbili. Niliona hiyo ku jeep ya mradi moja: asubuhi gari haikuwaka, chanjo zote zikatupwa, na wafugaji wanangoja na kuku mikononi. Ukiwaita siku ingine, watakuja?

Ya pili: rele inayosoma volti. Motere ikiwaka, altaneta inatoa volti karibu 14. Rele ikiona zaidi ya 13,3 hivi, inaunganisha batri mbili. Motere ikizimika, volti zinashuka, na karibu 12,8 inakata. Kwa jeep za zamani na batri za risasi, hiyo inatosha.

Ya tatu: chaja ya DC-DC. Inapandisha ao inashusha volti mpaka pale batri ya pili inataka, na inaweka kipimo cha ampea, mfano 20 ao 30. Kwa batri ya lithium ni njia ya salama, juu ile inaweza kuvuta umeme mingi mpaka altaneta inaungua. Inafaa pia kwa magari mapya, yenye kompyuta yao inashusha volti za altaneta ili kupunguza mafuta.

Sasa waya. Toka motere mpaka nyuma ni mita 4. Kwenda na kurudi, 8. Waya wa shaba wa mm² 6, ampea 30 zikipita, unapoteza karibu volti 0,7. Volti 14,2 zinakuwa 13,5, na batri haijai vizuri. Na mm² 16, unapoteza chini ya 0,3. Weka fyuzi karibu na kila batri, juu waya ikichubuka na kugusa bodi ya gari, inawaka moto.

Frigo inayokula wastani wa ampea 2, kwa saa 12 ni Ah 24. Chaja ya ampea 20 inazirudisha kwa saa moja na nusu hivi ya safari, ukihesabu na zenye zinapotea. Batri ya risasi ya Ah 100, ihesabu kama 50, usishuke chini ya nusu. Ikikaribia kujaa inapokea polepole, na ikikaa siku mingi bila kujaa inaharibika. Kama jeep inasimama wiki nzima, ongeza pano ya jua.

Mbele ya kulipa fundi, muulize mambo matatu: waya ni mm² ngapi, fyuzi ziko wapi, na motere ikizimika, nini inakata? Akishindwa kujibu la tatu, usimwachie funguo.