Protini Iliyopotoka: Namna Maabara Inavyoutambua Ugonjwa wa Skrepi

Skrepi ni ugonjwa wa kondoo na mbuzi unaojulikana huko Uingereza tangu mwaka 1732. Kondoo aliyeshikwa nao hujisugua ukutani hadi manyoya yakanyonyoka, hutetemeka, hupepesuka, na mwishowe hufa. Hauna tiba wala chanjo. Dalili zake huchukua miaka miwili au zaidi kujitokeza, na katika muda huo mnyama huonekana mzima huku akiweza kuwaambukiza wenzake. Ndiyo maana jibu la maabara huweza kuamua kundi zima libaki au lichinjwe.

Magonjwa mengi ya kuambukiza hutambuliwa kwa kuotesha vijidudu, au kwa kutafuta kingamwili katika damu. Kwa skrepi njia hizo hazifai. Kisababishi chake ni protini, ambayo Stanley Prusiner wa Marekani aliipa jina la prioni mwaka 1982. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Kila kondoo mzima anayo protini ya asili ya namna hiyo, hasa juu ya seli za neva. Protini ya ugonjwa ina mnyororo ule ule wa asidi amino, ila umekunjwa vingine. Nayo huilazimisha ile ya asili ijikunje kama yenyewe. Kwa kuwa mnyororo ni mmoja, mwili hauioni kuwa mgeni, wala hautengenezi kingamwili dhidi yake.

Je, vitu viwili vinavyotofautiana kwa umbo tu vitatenganishwaje? Jibu limo katika kimeng'enya kiitwacho proteinesi K, chenye kazi ya kumeng'enya protini. Sampuli ya shina la ubongo la mnyama aliyekufa husagwa na kutiwa kimeng'enya hicho. Protini ya asili huyeyushwa yote. Ile iliyopotoka hukatwa ncha moja tu, kwa sababu imejikunja kwa kubana. Uzito wake wa molekuli hupungua kutoka 33,000 hadi 35,000, ukawa 27,000 hadi 30,000. Mabaki hayo huchemshwa ili yakunjuke, hupitishwa katika jeli kwa nguvu za umeme, kisha hutambuliwa kwa kingamwili zilizotengenezwa maabarani.

Kwa mnyama aliye hai, kipande kidogo huweza kuchukuliwa kutoka kwenye tezi za koo, kope la tatu au utando wa puru, kwani huko protini hiyo mara nyingi hujikusanya kabla ya dalili. Lakini si kila kondoo mgonjwa huwa nayo huko.

Mwaka 1998 aina nyingine ya skrepi iligunduliwa Norwei, ikaitwa Nor98. Protini yake haistahimili sana proteinesi K, na hupatikana zaidi katika serebelamu, yaani ubongo mdogo wa nyuma, kuliko katika shina la ubongo. Maabara iliyopima shina peke yake, kwa kimeng'enya kikali, ingeweza kumwita mgonjwa mzima. Kwa hiyo jibu la "haikuonekana" lina maana moja tu: haikuonekana katika sehemu iliyopimwa, kwa njia iliyotumika. Mtaalamu anayeamua hatima ya kundi hana budi kuuliza yote mawili.