Bundi wa Manyoni na madishi yake mawili

Msomaji wa Manyoni anauliza: yule bundi mwenye uso mweupe, anayeishi juu ya boriti za ghala lao la alizeti, anamkamataje panya usiku usio na mbalamwezi?

Kwa masikio. Miaka ya 1950, Roger Payne wa Marekani alimfungia bundi wa aina hii katika chumba chenye giza totoro, sakafu ikiwa imetandazwa majani makavu. Panya alipochakarisha majani, bundi alitua juu yake. Payne akaburuta donge la karatasi, nalo likavamiwa. Karatasi haina joto wala harufu ya panya. Ina mchakacho tu.

Siri iko kwenye ule uso wenye umbo la moyo. Manyoya yake magumu hukusanya sauti na kuipeleka kwenye masikio yaliyofichwa chini yake. Mimi nauita dishi la uso. Wapo watakaopenda kusema sahani, ila sahani hungoja kuwekewa, dishi hukusanya.

Mwone fundi wa dishi juu ya bati, na mwenzake ndani mbele ya runinga akipaza sauti: "Bado! Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo!" Bundi ana madishi mawili katika uso mmoja, tena hayakufungwa sawa. Sikio la kushoto hunasa zaidi sauti zitokazo chini, la kulia zitokazo juu. Mchakacho ukitoka kulia, sikio la kulia huupata mapema, kwa tofauti isiyofika hata nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo ndio yule wa mbele ya runinga: inamisha, geuza, bado, hapo! Masikio yote yakipokea sawasawa na kwa wakati mmoja, panya yuko mbele ya uso kabisa. Payne alipoziba sikio moja tu, bundi alikosa shabaha.

Mabawa nayo hayavumi, kwa kuwa manyoya yake ni laini na kingo zake zina nyuzinyuzi. Bila hivyo kelele zake mwenyewe zingemziba masikio.

Bundi huyu huzaliana kwenye mapango ya miamba, mashimo ya mibuyu, hata viota vya ndege aitwaye fundichuma. Wanaompiga mawe kwa hofu ya uchawi wanamfukuza mla panya shamba, wale wafukuao mbegu.

Ndugu msomaji, chini ya boriti hiyo tafuta madonge meusi aliyoyatapika. Loweka moja kwenye maji, lipasue taratibu kwa kijiti, uhesabu mafuvu.