Kuosha Hewa kwa Maji: Somo kutoka Mvua ya Tukuyu

Katika miezi ya kiangazi, mashamba yanapochomwa na barabara za udongo zinapotimka vumbi, Mlima Rungwe hufifia mbele ya macho ya watu wa Tukuyu kana kwamba umefunikwa kwa shuka chakavu. Mvua kubwa ya kwanza ikishanyesha, mlima huohuo huonekana wazi, na mikunjo ya miteremko yake yaweza kuhesabiwa. Mlima haukusogea. Kilichobadilika ni hewa iliyo kati yake na mtazamaji. Kila tone lililoanguka limezoa chembe za vumbi na masizi, likayeyusha kiasi fulani cha gesi, na kuvishusha vyote ardhini.

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kwa hiyo hewa yake huoshwa mara nyingi kuliko ya miji mingi ya Tanzania. Kiwanda, hata hivyo, hakiwezi kungoja masika. Gesi chafu itokayo katika tanuri lake hapana budi ioshwe kabla ya kufika kwenye mdomo wa dohani. Kazi hiyo hufanywa na mtambo wa kuoshea gesi, ambao kwa kweli ni mvua iliyofungiwa ndani ya mnara.

Uchafu wa aina mbili

Moshi wa kiwandani huchukua uchafu wa aina mbili, na maji huukamata kwa njia mbili tofauti.

Aina ya kwanza ni chembe: vumbi, masizi na majivu. Gesi ikikutana na tone la maji hupinda na kulizunguka. Chembe nzito haiwezi kupinda upesi hivyo. Lori lililojaa ndizi likishuka kwa kasi kuelekea Kyela haliwezi kukata kona kama afanyavyo mpanda baiskeli. Litaendelea mbele na kuacha barabara. Vivyo hivyo chembe nzito huacha njia ya gesi, hugonga tone na kunaswa. Chembe nyepesi mno hufuata gesi na kulikwepa tone. Ndiyo sababu mnyunyizo wa kawaida hukamata vizuri chembe zenye upana wa mikroni 5 au zaidi, lakini huachia nyingi zilizo chini ya mikroni 1. Na hizo ndogo ndizo zipenyazo hadi ndani kabisa ya mapafu.

Ili kuzinasa, wahandisi hupitisha gesi katika bomba lenye koo jembamba. Hapo gesi hulazimika kwenda kasi sana, pengine zaidi ya meta 60 kwa sekunde, na maji yanayoingizwa kooni hupasuka yakawa ukungu. Kwa mwendo huo hata chembe ndogo hushindwa kukata kona. Gharama yake ni nguvu nyingi za feni inayosukuma gesi.

Aina ya pili ni gesi zenyewe, kama vile salfadayoksaidi na amonia. Hizi hazigongwi, bali huyeyuka. Molekuli za gesi hupenya uso wa maji, na kazi yote hutegemea ukubwa wa uso huo.

Hesabu fupi yaonyesha jambo hili. Lita moja ya maji ikiwa tufe moja ina uso wa sentimeta za mraba 484 hivi. Maji hayohayo yakigawanywa kuwa matone yenye kipenyo cha milimita 1, hupatikana matone karibu milioni 1.9, yenye jumla ya uso wa meta 6 za mraba, yaani zaidi ya mara 120 ya uso wa kwanza. Kwa sababu hiyo minara mingine hunyunyiza maji, na mingine hujazwa vipande vya kauri au plastiki ambavyo maji hutiririka juu yake kama utando, huku gesi ikipanda kutoka chini. Mpishano huo una faida: gesi inayokaribia kutoka juu, ambayo imekwisha kusafika kwa kiasi kikubwa, hukutana na maji mapya yaliyo tayari kupokea mabaki ya uchafu.

Si kila gesi huoshwa

Mwaka 1803 mwanasayansi Mwingereza William Henry alieleza kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika maji huongezeka kwa kadiri ya kanieneo ya gesi hiyo. Lakini kila gesi ina tabia yake. Katika nyuzi 20 za Selsiasi na kanieneo ya kawaida, lita moja ya maji huweza kuyeyusha takriban lita 700 za amonia, karibu lita 40 za salfadayoksaidi, lita 2.6 za haidrojeni salfaidi, na chini kidogo ya lita 0.9 za kabonidayoksaidi. Methani ni kama lita 0.03 tu, na kabonimonoksaidi kama 0.02.

Tarakimu hizo si za mtihani peke yake. Katika baridi ya Juni na Julai, jiko la mkaa likiingizwa chumbani na madirisha yakifungwa, kabonimonoksaidi hujaa bila rangi wala harufu, na huua. Sufuria ya maji iliyowekwa kando ya jiko haiondoi hatari hiyo, kwa kuwa gesi hii karibu haiyeyuki kabisa. Kinga ni kuliacha jiko nje.

Gesi isiyoyeyuka vya kutosha kwa maji matupu huweza kusaidiwa na kemikali. Kwa salfadayoksaidi hutumiwa maji yenye unga wa mawe ya chokaa. Tuchukue mfano wa tani moja ya makaa ya mawe yenye salfa asilimia 1. Yakiungua, kilo 10 za salfa huwa kilo 20 za salfadayoksaidi. Kuikamata yote huhitaji kilo 31 hivi za kalsiamu kabonati safi, na kukiwa na oksijeni ya kutosha hupatikana karibu kilo 54 za jasi, ambayo hutumika katika kutengeneza saruji. Mkoani Mbeya na jirani yake mfano huu una maana, kwani makaa ya mawe yamo katika bonde la Kiwira na Songwe, na mawe ya chokaa ya Songwe yamekuwa yakitumiwa kutengeneza saruji.

Ziwa Kivu: uoshaji unaozalisha umeme

Mfano bora wa kazi hii Afrika Mashariki upo Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Katika vilindi vyake zimeyeyuka takriban kilometa za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani, zikipimwa katika kanieneo ya kawaida. Tangu 1963 mtambo mdogo wa Cape Rubona ulitoa methani kwa ajili ya kiwanda cha bia cha Gisenyi. Mwaka 2016 ulizinduliwa mtambo wa KivuWatt, wenye uwezo wa megawati 26.

Maji huvutwa kutoka kina cha meta 350 hivi. Kadiri yanavyopanda, kanieneo hupungua na gesi huchomoza kama povu la chupa ya soda iliyofunguliwa. Lakini gesi hiyo ni mchanganyiko, na kabonidayoksaidi huzuia isiungue vizuri. Basi huoshwa kwa maji minarani. Msomaji akirejea tarakimu za juu ataona sababu: kabonidayoksaidi huyeyuka karibu mara 30 kuliko methani. Maji huondoka na kabonidayoksaidi pamoja na haidrojeni salfaidi. Methani hubaki na kwenda kuendesha mashine.

Rungwe nayo ina kabonidayoksaidi itokayo chini ya ardhi katika eneo la volkano la Kyejo, ambako kampuni ya TOL Gases huivuna. Huko kinachotakiwa ndicho kile ambacho Kivu huoshwa kitoke. Uchafu, kwa mhandisi, ni kitu kilicho mahali pasipohitajika.

Je, uchafu umekwenda wapi?

Mwaka 1836 William Gossage, mwenye kiwanda cha magadi nchini Uingereza, aliuchukua mnara wa kinu kilichoachwa, akaujaza matawi ya vichaka, akatiririsha maji juu yake na kupitisha humo gesi ya asidi iliyokuwa ikikausha mashamba ya majirani. Gesi iliyeyuka, miti ikapona. Kisha asidi ile ikatiririkia vijitoni. Karibu karne moja baadaye, kituo cha umeme cha Battersea, London, kilichoanza kazi mwaka 1933, kiliosha moshi wake kwa maji ya mto Thames. Salfa ilipungua hewani, na maji yaliyotumika yakarudi mtoni.

Ni dhahiri basi kwamba mtambo wa kuosha gesi hauangamizi uchafu. Huuhamisha kutoka hewani hadi majini. Kazi haijakamilika mpaka maji hayo yatulizwe katika mabwawa ili mashapo yazame, asidi itulizwe kwa chokaa, maji yarudishwe mnarani kutumika tena, na tope lipelekwe mahali salama.

Kwa Rungwe jambo hili ni zito. Mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani kwenda Ziwa Nyasa, na njiani watu huteka, hufua na kunywesha mifugo. Kiwanda cha chai chenye tanuri la kuni kikifikiria kuosha moshi, swali la kwanza liwe kama kuni zimekaushwa vizuri na kama tanuri linapata hewa ya kutosha, kwa maana moshi usiozaliwa hauhitaji kuoshwa. Swali la pili liwe juu ya maji: yatatoka wapi, na yataishia wapi. Wingi wa maji Tukuyu haujibu swali hilo la pili. Huufanya tu uchafu usafiri upesi zaidi.

Jaribio la darasani

Zichukuliwe chupa tatu zenye vizibo na mipira ya kupitishia hewa. Katika ya kwanza, yenye kizibo cha matundu mawili, kiwekwe kipande cha gunzi kinachofuka moshi, na tundu moja liachwe wazi ili hewa iingie. Ya pili itiwe maji nusu, na mpira utokao chupa ya kwanza ufike karibu na kitako chake. Ya tatu ijazwe maji, iwe na tundu chini lililozibwa, na iunganishwe na sehemu ya juu ya chupa ya pili. Tundu la chini likifunguliwa, maji yatatoka na kuvuta moshi kupita katika chupa ya pili.

Wanafunzi wataona kwamba moshi mwingi unafika chupa ya tatu, kwa kuwa umesafiri ndani ya mapovu makubwa bila kugusa maji. Jaribio lirudiwe chupa ya pili ikiwa imejazwa kokoto ndogo zilizofunikwa na maji, na tofauti ilinganishwe. Lifanyike nje ya darasa, na plastiki wala salfa isichomwe. Mwishoni, maji ya chupa ya pili yatazamwe rangi na kunuswa, kisha mwalimu aulize swali lililobaki: yamwagwe wapi?