Sauti za Nyanda za Juu Zirekodiwe Nyumbani

Mjini Mbeya na Iringa, wanakwaya na vijana wa bendi wanazidi kuwa na ari ya kurekodi nyimbo zao wenyewe, majumbani mwao, kwa kutumia kompyuta. Ari hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo fedha zao ni haba na vishawishi vya madukani ni vingi. Hivyo hatuna budi kusema wazi ni kifaa gani kinunuliwe kwanza na ni kipi kingoje.

Wasomaji wetu wa Visiwani wanaielewa vyema thamani ya jambo hili. Mwaka 1928 Siti binti Saad alilazimika kuvuka bahari mpaka Bombay ili sauti yake iingie katika santuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake, akarekodi pia muziki wa Wahehe. Rekodi hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Baada ya uhuru, kwa miaka mingi bendi ya Mbeya iliyotaka kurekodi ilisafiri zaidi ya kilomita 800 hadi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Mara zote hizo mwimbaji alikuwa wetu, lakini mtambo haukuwa wake.

Leo mtambo huo unaweza kutoshea katika kikapu. Kiini chake ni intafesi ya sauti, yaani kisanduku kinachopokea sauti kutoka kwenye maikrofoni na kuigeuza kuwa tarakimu ambazo kompyuta inaweza kuzihifadhi. Anayekichagua ajiulize kwanza: ni maikrofoni ngapi zitakazotumika kwa wakati mmoja? Mwimbaji na gitaa lake, au mzee na ligombo lake, wanatosheka na matundu mawili. Hata kwaya nzima yaweza kurekodiwa vizuri kwa maikrofoni mbili zilizowekwa mahali panapofaa. Bendi yenye ngoma, magitaa na waimbaji wanaotaka kila sauti iwe peke yake ndiyo inayohitaji matundu manane.

Pili, ahakikishe kwamba kisanduku kinatoa umeme wa volti 48, kwa kuwa maikrofoni nyingi za studio hazifanyi kazi bila huo. Tatu, kiwe kinajiendesha kwa umeme wa kompyuta yenyewe kupitia waya wa USB. Mahali ambapo umeme hukatika, kompyuta ya mkononi yenye betri nzima itaimaliza kazi iliyoanzwa. Nne, kimwezeshe mwimbaji kujisikia moja kwa moja kwenye hedifoni, maana sauti inayopitia kwanza ndani ya kompyuta hurudi imechelewa kidogo na humpotezea mapigo. Wala asidanganywe na tarakimu kubwa za matangazo. Biti 24 kwa kilohezi 48 zatosha kabisa, na saa nzima ya rekodi ya njia mbili huchukua gigabaiti 1 hivi.

Kifaa cha pili ni ubao wa vidhibiti, wenye vitelezi na vitufe vya kuongozea programu ya kurekodia kwa vidole badala ya kipanya. Unapendeza macho, na kwa fundi anayechanganya nyimbo nyingi kila siku unarahisisha kazi. Lakini ubao huo hausikii chochote, wala hauongezi uzuri wa sauti hata chembe. Kijana anayeununua kabla ya maikrofoni njema amenunua tandiko kabla ya punda. Fedha hizo ziende kwenye maikrofoni, hedifoni na mablanketi mazito ya kutundika ukutani yapunguze mwangwi. Tena ratiba ifuate majira: tangu Novemba hadi Aprili mvua za Nyanda za Juu hunguruma juu ya mabati, na hakuna kifaa kitakachozitenga na wimbo.

Kwa viongozi wa Serikali tuna ombi. Maofisa utamaduni wa wilaya wangekuwa na seti moja tu ya namna hii, wangeweza kuwafuata wazee wajuao nyimbo ambazo hazijaandikwa popote, wakazirekodi na kuacha nakala kijijini. Pia wawaelekeze wasanii wasajili kazi zao COSOTA kwa upande wa Bara na COSOZA kwa upande wa Zanzibar, ili kurekodi nyumbani kusigeuke kuwa kuibiwa nyumbani.

Mpiga udi wa Pemba na mpiga ligombo wa Iringa wana haja moja. Kila mzee anapozikwa na nyimbo zake, hasara ni yetu sote, na sasa haiwezi tena kusingiziwa umbali wa Bombay wala wa Dar es Salaam. Kisanduku kidogo, maikrofoni mbili na chumba kimya vyatosha kuanzia. Kazi ianze kabla mvua hazijarudi.