Hujawahi kulazwa? Bado uliza damu yako kuhusu moyo

Unaenda jimu, suruali ya sekondari bado inakutosha, na ukisikia neno moyo unafikiria mapenzi. Mshtuko wa moyo ni shida ya wazee wenye vitambi, ama vipi? La, ndugu yangu. Kioo hakioni ndani ya mishipa. Damu ndiyo inayotoboa siri, na kuna vitu vitatu vya kuiuliza.

Cha kwanza ni LDL, ile kolesteroli mbaya. Ikizidi hujipenyeza kwenye kuta za mishipa na kujenga utando, miaka nenda miaka rudi. Siku utando ukipasuka, damu huganda hapo, njia inaziba na moyo unakosa oksijeni.

Cha pili ni CRP, protini inayotoka kwenye ini mwili ukiwa na uvimbe wa ndani. Kwa moyo hutumika kipimo makini zaidi, hs-CRP: chini ya miligramu 1 kwa lita ni vizuri, zaidi ya 3 ni onyo. Usipime ukiwa na homa, kitapanda bure.

Cha tatu ni Lp(a). Hiki umerithi, na hakuna mboga itakayokishusha sana. Watu wenye asili ya Afrika mara nyingi huwa nacho kingi kuliko Wazungu. Kwa wengi, kupima mara moja maishani kunatosha.

Mwaka 2024, watafiti wa Boston, Marekani, wakiongozwa na Paul Ridker, walitoa matokeo ya wanawake karibu 28,000 waliopimwa vitu hivyo mara moja na kufuatiliwa kwa miaka 30. Waliokuwa juu kabisa katika vyote vitatu walikuwa na hatari zaidi ya maradufu ya wale wa chini kabisa. Wengi wao walikuwa Wazungu, kwa hivyo usihamishe takwimu hizo kwako moja kwa moja. Funzo ni kwamba dalili huonekana mapema.

Matokeo mabaya si hukumu ya kifo. LDL hushuka kwa lishe na dawa za statini. Lp(a) ikiwa juu, hiyo ndiyo sababu ya kuacha sigara na kuchunga presha na sukari bila mchezo.

Mfuko umekauka? Anza na presha, sukari na kolesteroli. Kisha muulize daktari kuhusu hivyo vingine, hasa kama baba au kaka alipata mshtuko kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65.

Lakini kifua kikikubana sasa hivi, achana na kolesteroli, kimbia hospitali. Huko watapima troponini, inayovuja misuli ya moyo ikiumia.

Leo jioni mpigie mama simu. Muulize babu alifariki kwa nini hasa. "Alianguka tu ghafla" si jibu la kupuuza.