Simu ikae kando, mtoto apate la kufanya

Leo tunazungumza na wazazi na walezi. Watoto, nanyi sogeeni karibu na redio.

Mitandao kama Facebook na TikTok hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 13 kufungua akaunti. Lakini mtoto akishika simu yako, mtandao haujui kama ni mtoto, unadhani ni wewe. Mtu asiyemfahamu anaweza kumwandikia, kumwomba picha au kumwahidi kazi na safari.

Basi, je, kumnyang'anya simu kunatosha? Hapana. Mtoto asiye na la kufanya atatafuta simu ya jirani. Mpe kitu cha kushika mahali pake.

Kwanza, bao. Chimbeni ardhini mistari 4, kila mmoja mashimo 8. Jumla ni mashimo 32, na kete ni 64. Tumieni kokoto, msitumie maharagwe ya mgao. Mwombeni mzee wa jirani awafundishe. Mtoto atajifunza kuhesabu na kufikiri kabla ya kutenda, na mzee naye atapata wa kuzungumza naye.

Pili, mpira. Mifuko ya plastiki na matambara yakifungwa kwa kamba yanatosha kucheza soka au rede. Wasichana nao wapewe nafasi, wasiachiwe ndoo za maji peke yao.

Tatu, vitendawili na hadithi, giza likiingia. Mmoja akisema "Kitendawili!", wengine wanajibu "Tega!" Familia za Kirundi husema "Sokwe!", na wenzao hujibu "Niruze!" Mtoto aliyezaliwa kambini huijua nchi ya wazazi wake kwa njia hii pia.

Kumbuka usalama. Watoto wacheze mahali wanapoonekana, mbali na barabara na visima, na warudi nyumbani kabla ya giza. Wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kupeana zamu ya kuwaangalia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haki hiyo haiishii mpakani.

Nawe mzazi, michezo ikianza, weka simu yako kando. Mtoto hufuata anachokiona.