Je, Wajua? Himila ya Paka Haingoji Msimu
Je, wajua kwamba paka jike, ambaye katika nchi za Ulaya hutulia miezi ya baridi kwa kuwa mchana umefupika, hapa Maruku, penye umbali usiotimia nyuzi mbili kusini ya Ikweta, ambapo usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, aweza kushika mimba mwezi wowote, hata akiwa angali ananyonyesha, na pengine hajatimiza miezi mitano tangu kuzaliwa? Ndiyo maana mwenye nyumba, aliyemfuga ili alinde maharage na panya, hushtuka kumwona chuchu zimevimba na kuiva wekundu, dalili idhihirikayo aghalabu wiki ya tatu, ilhali himila yenyewe ni takriban siku 63 hadi 67 tu.

Mwenye paka asione haya. Namsihi amwongezee dagaa na maji safi, asimpe dawa yoyote pasipo kumwuliza bwana mifugo, na amtengee kikapu penye kiza, mbali na moshi wa jiko. Kwani asipotengewa ataingia kibanjani, yaani shamba la migomba lizungukalo nyumba, ajifungulie juu ya majani makavu ya mgomba, ambako siafu huweza kuwafikia watoto kabla hawajafumbua macho, nao hufumbua baada ya siku 7 hadi 14. Kisha, wakiachishwa ziwa, mama apelekwe kwa daktari wa mifugo akafungwe kizazi mapema, maana mayai yake hushuka kwa kule kupandwa, hata watoto wa uzao mmoja waweza kuwa na baba wawili.